Kikombe cha maganda ya risasi: nilivyoisahihisha insha moja kuhusu silaha za kivita

Mwezi uliopita mwenzangu tunayefundisha naye Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Gulu aliniletea insha ya mwanafunzi wa Senior Six akaniomba niisahihishe upya, bila kuniambia yeye mwenyewe ameipa alama ngapi. Mada ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya mdahalo: silaha za kivita zisiwe mikononi mwa raia. Nikatoa alama 13 kati ya 20. Yeye alikuwa ametoa 18, na alipoiona 13 yangu akaniuliza kwa upole, kama mtu anayemuuliza mgonjwa, iwapo kweli nimeusoma ukurasa wa kwanza. Nilikuwa nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu ilinibidi nivue miwani. Alama tano kati ya walimu wawili wanaosoma karatasi moja ni nyingi, na kwa kuwa mwandishi ameniruhusu kuijadili insha yake mradi nisimtaje yeye wala shule, ninaeleza hapa nilivyoipima na sababu ya kushikilia alama yangu.

Vipimo nilivyotumia ni vya kale. Aristotle, aliyefundisha balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, mjini Athens katika karne ya nne kabla ya Kristo, alisema kwamba msemaji humvuta msikilizaji kwa njia tatu: kwa jinsi anavyoonekana kustahili kuaminiwa, kwa hali anayoutia moyo wa msikilizaji, na kwa hoja zenyewe. Darasani huziita haiba, hisia na mantiki, kwa sababu nimeona kuwa mwanafunzi akishakariri majina ya Kigiriki huridhika upesi kwamba ameelewa. Tunapowafundisha wanafunzi kutathmini insha ya hoja, huwa tunawaachia kosa moja, nalo ni kuzipanga njia hizo kama mafungu ya nyanya sokoni, aya hii fungu la hisia, aya ile fungu la mantiki. Sentensi moja yaweza kufanya kazi zote tatu kwa pamoja, na mara nyingine sentensi hujivika kanzu ya mantiki ilhali kazi yake yote ni kuamsha hofu. Insha hii ilikuwa na sentensi ya namna hiyo, na ndiyo iliyonifanya nipunguze alama.

Lakini tuanze pale ilipoanza. Inaanza Kotido, wilaya ya Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, nyumbani kwa mama wa mwandishi, usiku ambao mjomba wake aliuawa na wavamizi waliokuja kuchukua ng'ombe. Mwandishi hasemi kwamba risasi zilinyesha kama mvua, wala hasemi kwamba damu ilitiririka kama mto, maneno ambayo kila msahihishaji wa insha za vita kaskazini mwa Uganda ameyasoma hadi yamekufa mikononi mwake. Anasema kwamba kulipopambazuka mke wa mjomba aliokota maganda ya risasi uani, moja moja, ili watoto wasiyachezee, akayatia katika kikombe cha plastiki, na kwamba kikombe hicho bado kipo.

Kwa kipimo cha hisia sina la kuongeza hapo. Aya hiyo haimwagizi msomaji alie. Inampa kikombe ashike, kisha inanyamaza. Papo hapo inajenga haiba, kwa kuwa tunatambua kwamba anayesema hakuokota habari redioni, na tutamwamini hata kwenye aya zinazofuata ambazo pengine hazistahili kuaminiwa kiasi hicho. Mwenzangu alikuwa amesimama hapo na kutoa alama zake zote. Mimi najiuliza jambo ambalo halina adabu kumuuliza mtu aliyefiwa, lakini ni lazima liulizwe kuhusu insha: kisa hiki kinathibitisha nini? Kinathibitisha kwamba bunduki iliyokuwa mikononi mwa raia ilimuua mtu asiye na kosa. Hakithibitishi kwamba kuwapokonya raia bunduki kungemwokoa. Insha nzima ilipaswa kulijaza pengo lililopo kati ya kauli hizo mbili, na mwandishi alikuwa na mawe ya kulijazia mlangoni pa mama yake, akayaruka, akaenda kuyatafuta Marekani.

Mawe hayo ni haya. Rais Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, askari wake waliikimbia kambi ya Moroto na ghala la silaha likabaki bila mlinzi. Wenyeji wakabeba bunduki kwa wingi ambao Karamoja haikuwa imewahi kuuona, na wizi wa mifugo ambao zamani ulifanywa kwa mikuki ukabadilika kabisa. Mnamo Desemba 2001 serikali ilianza kuwataka watu wasalimishe bunduki kwa hiari, baadaye ikatumia nguvu. Machi 2002 jeshi likaingia kusini mwa Sudan kulifuata kundi la waasi la LRA, askari wengi wakaondolewa Karamoja, na wale waliokuwa wamesalimisha silaha zao wakabaki wazi mbele ya majirani ambao bado walikuwa na zao. Mwaka 2006 jeshi likarudi na mtindo wa kuzingira manyata alfajiri na kupekua nyumba kwa nyumba, mtindo ambao watetezi wa haki za binadamu waliulalamikia kwa sababu ya vipigo na mateso. Julai 2021 kazi ileile ikaanzishwa tena, mara hii kwa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. Na wakati wote huo mipaka haikufungwa: Waturkana na Wapokot wengi wako upande wa Kenya, Watoposa upande wa Sudan Kusini, nao hawakuwa chini ya amri ya Kampala.

Kwa mwandishi wa insha ya hoja hiyo ni hazina. Kurudiwa kwa kazi moja ndani ya miaka ishirini ni ushahidi ambao mpinzani ataushika akisema kwamba kupokonya silaha hakufai, na ambao mtetezi anaweza kuupokonya mkononi mwake akionyesha kwamba kila mara kazi ilifanywa upande mmoja na kuachwa katikati. Ubishi wenye mantiki unaanzia hapo. Mwandishi wetu hakugusa hata mwaka mmoja kati ya hiyo, na nilipomaliza kusoma nilidhani hakuwa anaijua. Nilikosea, kama nitakavyoeleza baadaye.

Badala yake aya ya pili inafunguliwa na tamko kwamba silaha za kivita hazina nafasi katika mitaa yetu. Ninalitambua tamko hilo hata likivaa kanga. Ni la mdahalo wa Marekani, na huko lina maana yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya ArmaLite, ambako Eugene Stoner alikuwa mbunifu mkuu, ilitengeneza bunduki ya AR-15. Kampuni ya Colt ikainunua, jeshi likaichukua kwa jina la M16, na raia wakauziwa ndugu yake. Ya jeshi inaweza kupiga rasharasha. Ya raia inajipakia yenyewe, lakini kila risasi inahitaji kidole kibonyeze upya. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 ilipiga marufuku uuzaji wa bunduki nyingi za jamii hiyo kwa raia, ikizitambua kwa viungo vyake: kitako kinachokunjwa, mshikio kama wa bastola, mahali pa kuchomeka singe, na kadhalika, ikazuia pia magazini zinazobeba zaidi ya risasi 10. Sheria hiyo iliwekewa ukomo wa miaka kumi na ikafa Septemba 2004 bila kuongezewa muda.

Tangu hapo, kule, anayetaka bunduki hizo ziondolewe huziita za kivita kwa sababu zimezaliwa na mama mmoja na M16, na anayezitetea hujibu kwamba hakuna jeshi linalokwenda vitani na bunduki ya kubonyeza risasi moja moja. Wote wawili wanasema kweli. Neno "kivita" ndilo linaloteleza, kwa kuwa mara linahusu asili ya silaha, mara uwezo wake, mara nia ya aliyeibuni, na msemaji mjanja huhama kutoka maana moja hadi nyingine ndani ya aya moja bila msikilizaji kusikia kishindo. Linaonekana kama fasili, yaani kazi ya mantiki, kumbe limebeba picha ya mahandaki na maiti. Hii ndiyo ile sentensi niliyoisema iliyojivika kanzu.

Sasa ilete Uganda. Hapa sheria haiulizi kama bunduki ina mahali pa singe. Sheria ya jeshi, UPDF, inazungumzia silaha ambazo kwa kawaida ni miliki ya jeshi peke yake, yaani inapima silaha kwa mwenyewe na si kwa makali yake. Bunduki ambayo ulimwengu unaiita Kalashnikov na ambayo sisi, kuanzia polisi hadi mama muuza ndizi, tunaiita SMG, ni ya kivita kwa sababu ni ya serikali. Kwa miaka mingi raia aliyekutwa nayo alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, hadi Januari 2025 Mahakama ya Juu iliposema kwamba kuwashtaki raia huko ni kinyume cha Katiba, na mwaka huohuo Bunge likairekebisha sheria ili mlango huo usifungwe kabisa. Kwa hiyo msomaji wa Uganda anaposoma maneno "silaha za kivita mikononi mwa raia" haoni duka la bunduki lenye taa na wateja, anaona mshtakiwa. Hakuna anayeingia dukani Gulu kununua SMG. Jambo ambalo mwandishi analipigania kwa kurasa nne, kwamba raia wasiwe na silaha hizi, sheria yetu ilikwisha kulipitisha kabla mama yake hajazaliwa. Tatizo letu ni bunduki ambazo tayari zimekatazwa na bado zipo, na hilo ni tatizo la namna nyingine, linalodai ushahidi wa namna nyingine.

Ili nisionekane mtu wa kubomoa tu, nilimwandikia pembeni mfano wa hoja kuhusu silaha ambayo ilifanikiwa kwa sababu fasili yake haikuteleza. Mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya ardhini yanayolenga watu, uliotiwa saini Ottawa Desemba 1997, haukuyaita mabomu hayo ya kikatili wala ya kishetani katika fasili yake. Uliyaeleza kuwa ni mabomu yaliyobuniwa yalipuke kwa kuwapo, kukaribia au kuguswa na mtu. Basi. Ukishasema hivyo, hoja inajiendesha: kifaa kinacholipuliwa na mguu hakiwezi kuuliza ni mguu wa askari au wa mtoto anayekwenda kisimani, wala hakina habari kwamba vita vimekwisha. Hisia zimo, tena nyingi, lakini zimezaliwa na fasili, hazikupakwa juu yake. Uganda iliuridhia mkataba huo mwaka 1999 na mwaka 2012 ikatangaza kwamba imemaliza kusafisha maeneo yake yaliyojulikana kuwa na mabomu. Mwandishi anayeishi Gulu hahitaji kwenda mbali kumwona mtu mwenye mguu wa bandia.

Takwimu nitazipitia haraka zaidi, ingawa nazo zina funzo. Insha inasema kuna silaha za kivita milioni 857 mikononi mwa raia duniani. Tarakimu yenyewe ni halali: ni makadirio ya Small Arms Survey ya Geneva yaliyotolewa mwaka 2018, na milioni 393 kati ya hizo ziliwekwa kwa Marekani peke yake. Ila makadirio hayo yanahesabu bunduki zote za raia, bastola na za kuwindia zikiwemo. Mwandishi ameichukua namba sahihi akaibandika kwenye nomino isiyo yake, na hilo ni kosa gumu kuligundua kuliko uongo, kwa sababu atakayekwenda kukagua ataikuta namba palepale.

Kisha anataja watoto 20 na watu wazima 6 waliouawa katika shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, na watoto 19 na walimu 2 wa Uvalde, Mei 2022. Ni kweli, na ni kweli kwamba wauaji wote wawili walitumia bunduki za jamii ya AR-15. Mpinzani atamkumbusha kwamba watu wengi zaidi wanaouawa kwa bunduki Marekani huuawa kwa bastola, na mwandishi hana jibu kwa kuwa hakuwahi kuamua anadai nini: je, anadai kwamba silaha hizi huua wengi zaidi kwa mwaka, au kwamba huua wengi zaidi kwa mara moja? La kwanza halisimami. La pili linasimama, na lingesimama imara zaidi kama angeeleza kwa nini. Risasi ya AR-15 hutoka mdomoni mwa bunduki kwa kasi inayozidi mita 900 kwa sekunde, ya Kalashnikov kama mita 700, ya bastola ya kawaida chini ya 400. Ndiyo maana madaktari wa upasuaji, wanapoeleza majeraha waliyoyaona, husikilizwa kuliko wanasiasa. Katika ushahidi wao haiba na mantiki vimeshikana mikono, kwa kuwa yule anayeaminika anasema jambo linaloweza kupimwa.

Mtu mwingine anayeitwa shahidi katika insha ni Mikhail Kalashnikov mwenyewe. Mwandishi anatuambia kwamba mbunifu wa bunduki hiyo aliijutia kabla ya kufa. Kuna msingi: alipokaribia mwisho wa maisha yake alimwandikia mkuu wa Kanisa la Othodoksi la Urusi akiuliza iwapo yeye, Mkristo na mwana wa mkulima, ana hatia kwa ajili ya vifo vya watu waliouawa kwa silaha yake, na barua hiyo ikajulikana kwa umma Januari 2014, wiki chache baada ya kifo chake. Lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo Kalashnikov yuleyule alirudia kusema kwamba aliibuni kuilinda nchi yake na kwamba lawama ni ya wanasiasa. Anayemwita shahidi anapaswa kumwita mzima. Ukimleta mzee anayelia na kumficha mzee asiyelia, msomaji anayewajua wote wawili atakupunguzia imani si hapo tu, bali hata kwenye kikombe cha Kotido, na hiyo ni hasara kubwa isiyo na faida. Tena Kalashnikov mzima ni ushahidi mzuri zaidi: mtu aliyejibu swali kwa uhakika maisha yake yote, mwishoni akalirudisha likiwa swali.

Jambo lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni methali. Insha ina methali tano, na kila moja imewekwa mwishoni mwa aya, pale ambapo ushahidi ulipaswa kukaa. Sisi walimu wa Kiswahili tunahusika na kosa hili, maana tunawaambia wanafunzi kwamba methali huipamba insha, nasi huzitilia alama. Katika insha ya hoja, lakini, methali inafanya kazi gani? Haithibitishi kitu. Inaazima haiba ya wazee: inasema kwamba jambo hili limekwisha kusemwa na watu waliokutangulia, basi nyamaza. Aristotle alilizungumzia jambo hili waziwazi. Alisema semi za hekima zinamfaa mtu mwenye umri, akizungumzia mambo aliyoyapitia, na kwamba kijana anayezitumia hapendezi. Wazee wa huku hawakumsoma, lakini wangekubaliana naye. Kijana wa Kiacholi anayetaka kusema methali mbele ya wazee hutafuta kwanza namna ya kuomba radhi.

Tena methali zina hatari ya kugeuka na kumchoma aliyezishika. Mwandishi anamaliza aya ya tatu kwa "wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi". Sawa. Mpinzani wake katika mdahalo atasimama na kusema "amani haiji ila kwa ncha ya upanga", ambayo nayo ni methali ya Kiswahili yenye mvi zilezile, na atakuwa na historia nyuma yake, kwa kuwa serikali iliyopo Kampala inaihesabu safari yake tangu Februari 6, 1981, siku kikundi kidogo kilipoishambulia kambi ya Kabamba kikiwa na bunduki 27 kama wanavyosimulia wenyewe, na siku hiyo huadhimishwa na jeshi kila mwaka kwa jina la Kiswahili, Tarehe Sita. Watoto wetu wamefundishwa kwamba bunduki mikononi mwa watu ambao wakati ule serikali iliwahesabu kuwa waasi ilileta amani. Insha ya Mganda inayosema kwamba bunduki mikononi mwa asiye askari ni uovu mtupu inapaswa kulitazama fundisho hilo usoni, hata kama ni kwa sentensi moja. Ya kwake ililizunguka kwa mbali. Kati ya methali zake tano ningebakiza moja tu, "mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu", kwa sababu hiyo angalau ina hoja ndani yake, inamtaka msikilizaji abadilishe nafasi na mlengwa, na ilikuwa imewekwa mahali pake, katika aya kuhusu vijana wanaojivunia uvamizi hadi siku wanapovamiwa.

Nifungue mabano kidogo, kwa kuwa kuna mvuto mmoja ambao haumo katika orodha ya Aristotle na ambao mwandishi hakuuchagua: lugha yenyewe. Nimezaliwa kambini, baba yangu alikuwa sajini, na Kiswahili kilinifikia pamoja na harufu ya mafuta ya kusafishia bunduki. Kwangu ni lugha ya nyumbani. Kwa mzee wa Kampala aliyekuwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kiswahili ni maneno mawili, "panda gari", yaliyotamkwa na askari aliyesimama kando ya lori katika misako iliyokuja kuitwa kwa maneno hayohayo. Katiba ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima mashuleni, lakini masikio hayabadilishwi na baraza. Insha kuhusu silaha, iliyoandikwa kwa Kiswahili, ikisomwa kwa sauti mbele ya wazee wa Buganda, inaingia ukumbini ikiwa imekwisha kuamsha hofu kabla hoja ya kwanza haijatamkwa. Sikumpunguzia alama kwa hilo, ni wazi. Nilimwambia tu ajue kwamba sauti yake ina sare ambayo hakuivaa yeye.

Aya ya mwisho kabla ya hitimisho inawajibu wapinzani, na nilifurahi kuiona, kwa kuwa wanafunzi wengi huwasahau. Anataja dai kwamba bunduki haiui, mtu ndiye anayeua, pamoja na mfano unaopendwa katika midahalo ya eneo hili, kwamba Rwanda mwaka 1994 watu waliuawa kwa mapanga. Jibu lake ni kwamba anayesema hivyo hana utu. Hilo ni kumshambulia msemaji na kuliacha dai lake limekaa kitini. Jibu lilikuwepo: katika makanisa na shule ambako Watutsi walikimbilia, mara nyingi askari na wanamgambo waliokuwa na bunduki na maguruneti ndio waliovunja kwanza upinzani na kuziba njia za kutokea, ndipo mapanga yakafuata. Panga liliua kwa wingi ule kwa sababu bunduki ilikuwa imesimama mlangoni. Mfano unaodhaniwa kuwa unaitetea bunduki unaishtaki, na aya tatu tu zingetosha kulionyesha hilo bila kumtukana mtu yeyote.

Hayo ndiyo niliyoyaandika kwa kalamu nyekundu. Siku ya Ijumaa baada ya vipindi mwandishi alinijia ofisini akiwa na karatasi yake. Hakuuliza alama. Alisimama kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, nikifute kile kikombe?" Nilimwambia asithubutu kukigusa. Nikamuuliza kwa nini hakuandika lolote kuhusu operesheni za kupokonya silaha, ilhali aliandika kuhusu shule za Marekani ambazo hajawahi kuziona. Akatazama sakafu. Akasema kwamba mama yake alimsimulia: kijiji cha mjomba kilikuwa kimekwisha kusalimisha bunduki zake, wiki chache kabla ya usiku ule, na wavamizi walilijua hilo. "Niliona nikiandika hivyo, Mwalimu, nitakuwa nimewasaidia wapinzani."

Jumatatu alileta insha mpya. Aya ya kwanza haikubadilika. Ya pili inaanza hivi: "Kwa silaha za kivita ninamaanisha bunduki za aina ya SMG, ambazo sheria ya Uganda imezitenga kwa jeshi peke yake na ambazo hata hivyo ziko Kotido." Sentensi inayofuata inasema kwamba siku mjomba wake alipouawa hapakuwa na bunduki hata moja kijijini kwake, na kutoka hapo anakwenda hatua kwa hatua hadi mpakani, akiuliza ni nani alipaswa kusalimisha wa pili na ni nani alipaswa kulinda katikati. Methali imebaki moja. Sandy Hook haimo. Nimempa 17.

Mwenzangu naye ameisoma. Anasema imepoa, anaipa 15.